Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya vuli na watoto kisiwani Saanane

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kushika simu natoka uani nitazame ziwa. Naishi Kirumba, hapa Mwanza, juu kidogo, na nikisimama mlangoni naona maji mpaka yanapogusana na mbingu. Msimu huu mvua zetu hupikwa usiku: upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote za Ziwa Victoria, unakutana katikati, mawingu yanapanda, na kukipambazuka unasikia radi kwa mbali. Leo kuna wingu zito magharibi, lakini maji yametulia. Nasoma na utabiri wa hali ya hewa, kisha naandika kwenye grupu la wazazi: tunakwenda, kila mtoto aje na sweta na nguo za kubadili.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, na Jumamosi za Oktoba hadi Desemba nimezitenga kwa familia. Wengi husubiri kiangazi kwa kuogopa tope. Mimi vuli naipenda kwa dhati. Vumbi limelala, majani yamechipua, mawe yameoshwa, wadudu wako kila mahali. Mtoto akitolewa nje wakati huu hahitaji kununuliwa mchezo.

Saa 2 tulikuwa Capri Point, tunapopandia boti ya kwenda kisiwani: familia nne, watoto tisa, na bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake. Kontroli namba za malipo huchukua muda, basi muda huo nautumia kuvalisha jaketi okozi. Nalivuta juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, tunabadili. Hapo sina haraka na mzazi yeyote.

Bibi alikuwa amesimama pembeni.

"Shikamoo bibi, njoo tukuvalishe."

"Marahaba mwanangu. Nyie nendeni, nitawasubiri hapa hapa."

Sikumuuliza kwa nini. Kwa mtu wa rika lake hapa Mwanza, chombo cha majini si jambo dogo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika mjini, na mamia ya watu hawakurudi. Nilimwambia kwamba kisiwa kile pale anakiona, ni dakika chache, na nitakaa naye. Akafikiri. Kisha akainua mikono, nikamvalisha. Njia nzima alinishika kiganja bila kusema neno, nami sikumsemesha.

Saa 3 tuko kisiwani. Saanane ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Ukichanganya nchi kavu na maji ni kilomita za mraba 2.18 tu, na udogo huo ndio ninaoupenda, kwa sababu hata mtoto wa miaka minne anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Watoto huja wakitaka simba. Mimi huwapeleka kwanza kwenye mwamba wenye michirizi myeupe.

"Anti, nani kamwaga rangi?"

Nikawaambia hicho ni choo cha pimbi, mnyama mdogo anayeishi kwenye mawe. Hukojoa mahali pale pale mwaka hadi mwaka, mkojo unakauka, weupe unabaki. Walicheka mpaka wakakaa chini, na hapo hapo nikawaomba wanyamaze, maana wenyewe walikuwa juu yetu, wanne, wakiota jua. Pimbi akiamka mwili wake huwa umepoa, hivyo lazima apashe joto kwanza. Nikapitisha darubini. Angalieni miguu, nikasema: vidole vinne mbele, vitatu nyuma, na kucha butu kama vikwato. Jamaa yake wa karibu miongoni mwa wanyama wa nchi kavu ni tembo. Binti wa miaka sita alitazama muda mrefu, akarudisha darubini, akavua kiatu, akahesabu vidole vyake.

Mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu alipita, dume. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu. Ni wa kwetu huyu, na inaniuma mtoto wa Mwanza akikua bila kujua.

Saa 5 tulikaa kivulini. Binamu yangu yuko Uingereza, na huko miezi hii miti inapukutisha majani mekundu na ya njano, familia zinakwenda bustanini kuyaokota. Yetu sasa ndiyo kwanza yanachipua, na hifadhini hatuchumi wala hatuondoki na kitu. Basi tunaweka karatasi juu ya jani lililoanguka, tunasugua kwa kalamu ya nta ikiwa imelazwa, na mishipa inajitokeza mmoja mmoja. Bibi alianza kuwatajia wajukuu majina ya miti kwa Kisukuma. Nilinyamaza, nikawa mwanafunzi.

Baba mmoja alitaka mwanawe achovye miguu ziwani. "Hapana, kaka," nikamwambia. Konokono wa maji ya pembeni hubeba vijidudu vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi kitu. Na mamba wapo. Alinielewa.

Saa 7 na nusu mvua ikashuka. Tulijibana kibandani na chapati, mayai na sato wa kukaanga, lakini kilichogombaniwa ni matobolwa ya bibi, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wazazi walikuwa wamesahau simu zao.

Saa 10 tulivuka kurudi, ziwa limetulia, watoto watatu wamelala.

Saa 2 usiku nikapata ujumbe wa baba yule: "Dada, wanataka kuona pimbi tena kesho, ila mfuko hauruhusu." Nikamjibu kwamba pimbi wapo pia kwenye milima ya mawe humu humu mjini. Tafuta mwamba wenye michirizi myeupe karibu na mtaa wenu. Nendeni saa 1 asubuhi jua likianza kugonga mawe, kaeni mbali, msiongee. Na watoto wavae viatu vya kufunika.