Namba zote ziligawanyika kwa nne

Kwenye kikao cha robo mwaka, wodi yangu ya watoto ilitajwa ya mwisho: vifo vingi kuliko hospitali mbili jirani. Mimi ndiye muuguzi mfawidhi wa wodi ile. Iliniuma, maana watoto wanaotufikia usiku na degedege au wamepoteza fahamu, wengi ni wa rufaa kutoka hospitali hizo hizo. Kulinganisha vifo bila kuangalia mtoto alifika katika hali gani si haki, na bado naamini hivyo.

Nikawatafuta wafawidhi wenzangu wawili. Tukakubaliana tupime kile ambacho kila wodi inakiweza hata mtoto akija amezidiwa: huduma ya saa ya kwanza. Waganga wafawidhi wakaturuhusu. Tulichukua mafaili 40 kila hospitali, kila mmoja akasoma ya mwenzake, majina hatukunakili. Amepimwa uzito? Oksijeni? Sukari, kama hana fahamu? Pumzi zimehesabiwa?

Pumzi kwetu zilikuwa zimeandikwa karibu kila faili, nikafurahi. Mwenzangu akanisogezea karatasi yake. "Dada, hebu ziangalie hizi namba." 40, 44, 48, 52. Zote zinagawanyika kwa nne.

Nilielewa papo hapo. Tulikuwa tunahesabu sekunde 15, tunazidisha mara nne, wakati mwongozo unataka dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Sasa mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, huko ni kupumua haraka, na kama anakohoa unafikiria nimonia. Ukihesabu 12 kwa robo dakika unaandika 48, yuko salama. Ukihesabu 13 unaandika 52, anaanza dawa. Pumzi moja tu! Usiku ule niliwafikiria watoto wote tuliowaandikia 48.

Kwenye uzito kosa lilikuwa langu kabisa. Mzani ulikuwa unafungiwa ofisini usipotee, na ufunguo natembea nao mimi. Zamu ya usiku walikuwa wanakisia. Gentamisini, sindano ya kuua bakteria, ni miligramu 7.5 kwa kilo: mtoto wa kilo 8 akikisiwa 10, anachomwa 75 badala ya 60. Kesho yake mzani ukahamia mapokezi, na ukutani tukatundika saa yenye mshale wa sekunde. Tukawaambia na akina mama: mtoto asipopimwa uzito, uliza.

Baada ya miezi mitatu tulisoma mafaili upya. Sukari usiku bado inarukwa, vipimio vinaisha na stoo imefungwa, hilo tunalifuatilia. Ila kwenye faili la tatu nilikuta pumzi 47, la nne 53, la sita 39. Nikawaita manesi wa zamu waje waone.