Siku ya wino mweusi

Saa 11:00 alfajiri

Naishi Kirumba, na mtu wa Kirumba hahitaji saa ya kumwamsha. Upepo ukigeuka, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni inakufuata hadi ndani ya shuka. Leo imekuja nzito kwa sababu tuko kwenye giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani. Ndiyo wakati wa wavuvi wa dagaa: taa zao ndizo zinazowaita samaki, na mbalamwezi ikiwaka taa zinakosa kazi. Chai ya rangi, kiazi cha jana, daladala.

Saa 1:30 asubuhi

Mimi ni mchapaji katika kitengo cha uchapaji cha chuo kimoja hapa Mwanza. Karibu mwaka mzima kazi yangu ni mitihani, vyeti, kalenda, na vijitabu ambavyo waandishi wake huja kuulizia kila baada ya siku mbili. Mara moja kwa mwaka chuo kinaleta msanii mgeni, anakaa wiki mbili, nami natoa turubai juu ya mashine ya mkono iliyoko pembeni. Ina usukani kama wa meli na haijui umeme ni kitu gani. Aliyenifundisha kuitumia alijifunzia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, ile iliyoanzishwa mwaka 1972, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa: nawa mikono. Mpaka leo nanawa kabla sijagusa karatasi, kisha nanawa tena.

Nimehesabu karatasi za mgeni wetu. Tulianza na 24, za pamba tupu, zimetoka nje na bei yake sitaki kuikumbuka. Siku ya njano tulipoteza moja kwa kidole changu mwenyewe. Siku ya buluu zikaenda mbili, hazikukaa sawasawa kwenye kona za kulengea, zile zinazofanya kila rangi iangukie mahali pake. Zimebaki 21. Leo ni nyeusi, rangi ya mwisho.

Saa 3:00 asubuhi

Mwalimu ameingia, ndiye mgeni wetu. Ni mama wa Bukoba, alifundisha kuchora mpaka akastaafu, na kuchapa ndiyo mara yake ya kwanza. Alikuja na meli ya usiku akiwa na kopo la senene wakavu, wale panzi wanaoliwa kwao, na kila asubuhi hakuna anayeshika kazi kabla hajachota.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba baba. Wino umeamkaje?"

Picha yake ni mitumbwi ya dagaa usiku, na imechongwa kwenye ubao mmoja wa MDF, nyuzi za mbao zilizogandamizwa, tulionunua dukani hapahapa mjini. Ubao mmoja, rangi tatu. Unachapa njano karatasi zote, unachonga sehemu zinazotakiwa kubaki njano, unachapa buluu juu yake, unachonga tena, halafu nyeusi. Kila hatua inakula ubao. Ukishachonga huwezi kurudi nyuma, na huwezi kuongeza nakala hata akija mnunuzi na gunia la fedha. Wapo wanaoiita njia ya kujiua. Mimi naiona kama kunyoa: kilichodondoka kimedondoka.

Asubuhi hii Mwalimu alitaka kuchonga mawimbi zaidi chini ya mtumbwi wa mbele. Patasi ilikuwa tayari mkononi. Kwa jicho langu, akifungua pale mtumbwi ungeelea hewani. Lakini unamwambiaje mama aliyekuzidi umri kwamba anakosea kwenye picha yake mwenyewe? Nilisema, "Mwalimu, naomba tuchape kwanza kwenye gazeti, patasi ipumzike kidogo." Tukachapa kwenye gazeti. Akalitazama, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, akaiweka patasi mezani bila neno. Nami sikusema neno.

Saa 5:00 asubuhi

Kukoroga nyeusi. Hapa ndipo siku ilipoliwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa nyeusi ya kopo. Akasema, "Huu ni weusi wa masizi. Mimi nataka wa maji." La pili niliongeza buluu iliyobaki juzi. Akasema imekuwa wino wa sare za shule. La tatu nikatia tone la kahawia, na matone mawili ya mafuta ya kitani kwa sababu wino ulikuwa mgumu. Kisha nikapitisha rola juu ya kioo, nikasikiliza. Wino ukiwa sawa unatoa sauti kama mvua ya mbali juu ya bati. Ukizidi unapiga makofi. Mwalimu naye akainamisha sikio, tukawa watu wazima wawili tunaosikiliza kioo. Kijana wa kufunga vitabu alipita akatutazama vibaya.

Jaribio la nne tulilifanya kwenye karatasi ya kweli. Kona ya kulia ikatoka hafifu, kwa hiyo nikabandika vipande vya karatasi nyembamba chini ya ubao upande huo, nikakaza skrubu robo mzunguko. Tukapoteza karatasi mbili. Ya tatu Mwalimu akaiandika pembeni kwa penseli: "Hii." Kuanzia hapo kila nakala lazima ifanane na hiyo, na kama haifanani kosa ni langu, si lake. Huo ndio mkataba wenyewe.

Saa 7:00 mchana

Ugali na sato kwa mama lishe. Tuliporudi tukakuta mtihani wa dharura unatakiwa kesho. Saa mbili zikaenda. Mwalimu alikaa kwenye stuli akinichora mimi na mashine kubwa. Kichwa changu amekifanya kikubwa mno.

Saa 9:15 alasiri

Kazi yenyewe: wino, karatasi kwenye kona za kulengea, usukani, kufunua, kuanika kambani. Dakika nane hivi kwa nakala. Tunachapa karatasi kavu, kwa sababu iliyoloweshwa hutanuka na rangi tatu zikakataa kukutana. Mwalimu anafunua kwa ncha za vidole, mimi nazungusha. Nakala ya nne ilitoka vizuri kiasi kwamba nilisimama. Weusi wake ulikuwa na kina, taa za njano zikawaka ndani yake kama unazitazama kutoka kilima cha Capri Point usiku.

Katikati tulizungumzia majina. Niliwahi kusoma habari za karakana ya uchapaji ya Tamarind, Marekani, aliyoianzisha msanii June Wayne Los Angeles mwaka 1960 na kuhamia University of New Mexico mwaka 1970. Kule mchapaji hugonga alama yake ndogo kwenye karatasi, karibu na ya karakana. Mimi yangu nilichongewa kwa shaba na fundi wa Makoroboi, hapahapa mjini. Hapa chuoni baadhi ya watu walicheka: fundi naye anataka saini! Mwalimu hakucheka. Aliomba kuishika, akaigonga kwenye kiganja chake.

Saa 12:20 jioni

Zimebaki karatasi tatu na umeme umekatika. Mashine haijali, lakini macho yanajali. Tukawasha taa ya sola dirishani, kosa langu, nimezaliwa hapa na nilipaswa kujua. Kwenye giza wadudu wa ziwani hupanda kutoka majini kama moshi, na moshi huo hufuata taa. Hawaumi, wanatua tu. Wino mbichi unawapokea.

Karatasi zote tatu zikatoka na wadudu juu ya mawimbi. Nikazibeba kuzipeleka kwenye pipa.

"Unazipeleka wapi?"

"Zimeharibika, Mwalimu."

"Nani kasema?" Akazichukua, akazisogeza kwenye taa. "Mitumbwi hii iko ziwani usiku. Wadudu hao wangekuwa wapi? Sisi Bukoba mdudu hatumtupi."

Nilimweleza kwamba watakauka, watadondoka, wataacha madoa yasiyo na weusi. Akasema vizuri, yatakuwa mawimbi aliyokatazwa kuchonga asubuhi. Kumbe alijua.

Saa 1:40 usiku

Hesabu: 16 safi. Kumi na tano zitapewa namba na saini Jumamosi zikishakauka, moja inabaki chuoni. Kwa desturi mchapaji naye hupata yake. Mwalimu akachomoa penseli, akaandika "nakala ya mchapaji" kwenye ukingo wa ile yenye wadudu wengi kuliko zote, akatia saini, akanielekeza kwa kidevu nigonge shaba yangu pembeni. Nikagonga.

"Hujaipenda?"

"Nimeipenda, Mwalimu."

Ya nne ilikuwa kambani, mkono wangu wa kulia, inang'aa bado.