Kabla ya Mikuki, Hesabu Posho

Anayetaka kuwa mwanahistoria wa vita vya kale asianze na mikuki na ngao. Aanze na posho. Chukua jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi, lililoivamia Ugiriki mwaka 480 KK. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne hiyohiyo, anataja wapiganaji 2,641,610, anawaongezea watumishi idadi ileile, wanakuwa 5,283,220. Kila mmoja anampa khoiniksi moja ya ngano kwa siku, kipimo kisichopishana sana na kibaba cha posho ya wapagazi wa misafara ya bara. Jumla anaandika medimno 110,340.

Sasa shika kalamu. Medimno moja ni khoiniksi 48, kwa hiyo jibu ni 110,067. Herodotus alikosea kugawanya! Kosa hilo ni hazina: linaashiria alipiga hesabu mwenyewe, hakunakili daftari la ghala la Waajemi.

Endelea. Khoiniksi ikiwa gramu 800 hivi, zinatakiwa tani 4,200 kila siku. Nyumbu akibeba kilo 100, utahitaji nyumbu 42,000 kwa mlo wa siku moja, na nyumbu nao wanakula.

Mwanahistoria Mjerumani Hans Delbrück (1848–1929), aliyepigana vita vya 1870 kati ya Prussia, dola ya Kijerumani, na Ufaransa kabla ya kuwa profesa Berlin, alipima barabara. Askari 30,000 wa Prussia, bila mizigo, walichukua kilomita 22 hivi njiani. Watu milioni 4.2, idadi aliyoitumia yeye kwa jeshi la Xerxes, wangeenea zaidi ya kilomita 3,000: wa mbele wanafika Thermopylae huko Ugiriki, wa mwisho ndio kwanza wanatoka Susa, mji wa Uajemi. Kazi hii ilimgharimu. Wanahistoria waliona vita si somo la chuo kikuu. Majenerali walimwona raia anayeingilia yasiyomhusu.

Naye aliteleza. Kuhusu Marathon, vita vya mwaka 490 KK kati ya Waajemi na Wagiriki, alishusha idadi ya Waajemi hadi chini ya Wagiriki, na wengi leo hawakubali. Hesabu ya posho na barabara hukupa kikomo cha juu. Idadi yenyewe haikupi.

Ndiyo maana, kwa anayetaka ushahidi wa Waajemi wenyewe, Kigiriki na Kilatini havitoshi. Mabamba ya udongo ya Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, yaliyofukuliwa 1933, yameandikwa zaidi kwa Kielami, lugha ya kale ya eneo hilo. Humo msafiri wa kawaida hupewa qa 1.5 za unga kwa siku, mtumishi qa 1, na qa ni karibu lita moja, kama khoiniksi. Posho ya Herodotus haikuwa mbali na ukweli. Kilichomponza ni idadi ya walaji.