Siku moja maishani mwangu: antena za terahezi 1.9, Lubumbashi

Saa 11 alfajiri. Volti zimetulia kabla majirani wa Kampemba hawajawasha majiko, kwa hiyo hesabu nzito inaanza sasa. Batri ni ya mchana. Volti 12 kwa Ah 200 ni Wh 2400, lakini batri ya risasi haifai kunyonywa kupita nusu, na inveta nayo inakula chake. Kompyuta ya wati 150 hupata saa sita na ushee.

Kinachohesabiwa ni antena ya dhahabu yenye unene wa nanomita 200 juu ya silikoni. Katikati yake kuna daraja la nitridi ya niobi: urefu mikromita 0.2, upana 2, unene nanomita 4 hadi 5. Daraja hilo la superkondakta (metali isiyo na ukinzani ikipozwa sana) ndilo kipokezi chenyewe, bolomita ya elektroni moto: wimbi hupasha elektroni zake, na ukinzani hubadilika. Kriostati, chombo cha kulipoza, iko maabara ya Ulaya. Huku tunachora antena na kusoma vipimo.

Antena haitengenezwi kwa niobi kwa sababu juu ya gigahezi 700 hivi, wimbi lina nguvu ya kuvunja jozi za elektroni na metali inaanza kulimeza. Nasi tunalenga gigahezi 1900.5, mstari wa kaboni iliyopoteza elektroni moja katika mawingu ya angani. Chombo cha Herschel (2009) na ndege ya SOFIA, iliyoacha kuruka 2022, viliusikiliza kwa bolomita za aina hii.

Saa 2 asubuhi. Wavu wa hesabu, yaani vitundu ambamo kompyuta hukokotoa wimbi. Ndani ya silikoni wimbi lina mikromita 46, daraja lina 0.2. Ukiweka vitundu vidogo kila mahali, kumbukumbu ya kompyuta inajaa. Weka vya mikromita 0.05 kwenye daraja, 4 na nusu kwingine. Lenzi ya silikoni inayobeba antena usiichore: jaza silikoni upande wa chini, ufunge kwa mpaka unaomeza mawimbi.

Saa 4. Ukinzani. Antena ya konokono (iliyozunguka kama gamba lake) juu ya silikoni hutoa takribani om 75. Utando wa nitridi wa om 750 kwa mraba, ukikatwa 0.2 kwa 2, ni sehemu moja ya kumi ya mraba: om 75 pia. Ukinzani uliopimwa ukizidi sana, shuku mguso wa dhahabu. Pengine uso wa nitridi haukusuguliwa kwa ayoni za argoni kabla ya kupakwa.

Saa 6 mchana. Vipimo vya spektromita vimefika, vya antena ya nyufa mbili zilizokatwa kwenye dhahabu: urefu mikromita 44, zikiachana 25. Kilele kiko karibu na terahezi 1.7, si 1.9. Wengi hukimbilia kulaumu utando. Sisi hutazama kwanza pale njia pana inapobanwa kuingia darajani. Mkondo ukibanwa, induktansi (ukaidi wa mkondo kubadilika) inaongezeka na kilele kinashuka. Mbano huo lazima uingie kwenye hesabu, kisha nyufa zifupishwe hadi 39 au 40. Mabonde membamba kwenye mchoro ni mvuke wa maji hewani, na dawa yake ni kupuliza nitrojeni kavu.

Saa 7. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu.

Saa 9 alasiri. Lenzi ya silikoni, nusu kipenyo milimita 5. Antena inakaa milimita 1.95 nyuma ya kitovu, unene wa chipu ukiwemo. Ikihama mikromita 50 kando, mwale unapinda zaidi ya digrii moja. Uso mtupu unarudisha asilimia 30 ya wimbi. Parilini, plastiki ya kupaka, ya mikromita 24 inaondoa sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Kelele ya kipokezi hupimwa kwa kukielekeza kwenye kitu cha kelvini 295, kisha cha 77. Uwiano wa nguvu ukiwa 1.2, joto la kelele ni (295 − 1.2 × 77) ÷ 0.2, yaani kelvini 1013. Kwa lenzi isiyopakwa, hapo hakuna kosa la superkondakta. Parilini peke yake ingelishusha kuelekea 700.

Saa 11 jioni. Maelekezo kwa fundi wa kriostati: bangili ya kutuliza umeme mkononi, nyaya zote zimeunganishwa na ardhi kabla ya kugusa plagi. Ukinzani wa daraja upimwe kwa mikroampea 1 hadi 10. Mita ya mkononi kwenye kipimo cha om 200 inaweza kusukuma karibu miliampea nzima, na hiyo tusiikaribishe.