Siku moja maabara: "Asubuhi ya saa ngapi?"

Saa 1:15 asubuhi. Kabla ya chai, kabla hata ya kuvua helmeti, nasoma kipimajoto cha friza: nyuzi 79 chini ya sifuri. Usiku umeme ulikatika mara mbili, jenereta ikawaka. Alhamdulillahi.

Kazi yangu ni kuandaa damu na mkojo wa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Kichwa hakifunguliwi kila mwezi kuangalia kama uvimbe unarudi, na foleni ya MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, unaijua. Kwa hiyo tunatafuta dalili za uvimbe kwenye damu na mkojo.

Saa 2:10. Dada mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, analeta mkojo wake wa saa 24. Kwake yeye kipimo hiki kina maana kubwa: homoni ya kotisoli ikibaki juu baada ya upasuaji, huenda mabaki ya uvimbe bado yanafanya kazi. Nalinyanyua dumu. Jepesi.

"Dada, mkojo wote umo humu?"

Kimya. "Usiku niliamka na usingizi, daktari, nikaingia chooni kwa mazoea."

Mimi si daktari, ila nimechoka kusahihisha. Tunaanza upya: kesho ule wa kwanza wa asubuhi aumwage na aandike saa, kisha kila tone liingie dumuni mpaka ule wa kwanza wa keshokutwa. Nauli yake ya leo imekwenda bure, na hilo ndilo linaloniuma.

Saa 4:40. Wodi inaleta chupa mbili za kifuniko cha zambarau, za mgonjwa wa glioma, uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe. Tunatafuta vinasaba vya uvimbe huo kwenye damu. Chupa hazikuandikwa saa. Napiga simu.

"Damu ilitolewa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya saa ngapi?"

"Asubuhi tu, kaka."

Basi. Chupa za aina hii zikikaa saa nyingi bila kuzungushwa kwenye mashine, seli nyeupe hupasuka na kumwaga vinasaba vyake kwenye plazma, vile vya uvimbe vikazama humo. Na vya glioma ni vichache tangu mwanzo, kwa sababu ubongo una kizuizi chake dhidi ya damu. Utafiti mmoja wa mwaka 2014 ulivikuta kwenye damu ya wagonjwa chini ya 1 kati ya 10. Naomba watoe nyingine. Safari hii naisubiri mlangoni wodini.

Saa 7, ugali na dagaa.

Saa 8:30. Daktari kijana aliye mafunzoni anaingia na karatasi. "Kaka, mgonjwa wangu, uwiano wake wa neutrofili kwa limfosaiti, zile aina mbili za seli nyeupe, ni 9! Nimesoma kwamba ukizidi 4, wagonjwa wa glioblastoma, ile glioma kali, huwa hawaishi sana."

"Yuko kwenye deksa?"

"Tangu Jumatatu."

Deksamethazoni hupunguza uvimbe wa maji kichwani, lakini yenyewe hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti. Tunafukua kipimo cha kabla ya dawa: 3.2. Anakunja karatasi polepole. Namwelewa, uwiano huu unatoka kwenye kipimo cha damu cha kila siku, hauna gharama mpya, hata mimi natamani uwe wa kweli. Ndiyo maana nauuliza maswali mengi.

Saa 11 jioni nafunga daftari. Simu ya maabara inalia: picha kutoka kwa yule dada. Amebandika karatasi kwenye mlango wa choo chake, kwa kalamu nyekundu: DUMU KWANZA.