Nilivyomudu Kunawisha Wageni Kisiwani Mbudya Bila Bomba Wala Kisima

Korona ilipoingia nchini mwezi Machi 2020, na kila mlango wa duka jijini Dar es Salaam ukawekewa ndoo yenye koki na kipande cha sabuni, nilikuwa na shida ambayo wenzangu wa Kariakoo hawakuwa nayo. Banda langu la kukaangia samaki liko kisiwani Mbudya, na kila tone la maji matamu ninalotumia huko huvushwa kwa boti kutoka Kunduchi, ndani ya madumu ya lita 20. Maji hayo yalitosha kuoshea samaki, kupikia na kusuuzia vyombo. Kumtaka kila mgeni anawe anapofika, kabla ya kula, baada ya kula na kila atokapo chooni kulihitaji madumu mengine mengi, tena wakati ambao wageni wenyewe walikuwa wamepungua sana, na wale wa nje wakakatika kabisa safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Aprili.

Mbudya ni miongoni mwa visiwa vidogo vilivyotengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Hakuna kijiji pale. Hata samaki ninaowakaanga hununuliwa bara alfajiri, kwa kuwa eneo la hifadhi halivuliwi. Manahodha, wauzaji na wageni hupanda vyombo vilevile na hukaa chini ya vivuli vilevile vya makuti, kwa hiyo sikuona sababu ya kungoja mpaka mmoja wetu augue ndipo tuanze kujihadhari.

Jibu nililipata kwenye kibuyu chirizi, kifaa ambacho nilikuwa nimekiona zamani kwenye vyoo vya shule. Nilichukua dumu la lita 5, nikalitoboa kwa msumari wa moto chini kidogo ya shingo, nikalining'iniza kwa mpini wake kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili. Kamba iliyofungwa shingoni hushuka hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikikanyaga, dumu huinama na maji hutoka kwa uzi mwembamba, ukiinua mguu hukatika. Hakuna mkono unaogusa chochote isipokuwa sabuni, ambayo nayo niliitoboa na kuitundika pembeni. Uzuri wake mkubwa, kwa mtu anayelipia kila dumu linalopakiwa, ni kwamba mgeni akishalowesha mikono hupaka sabuni maji yakiwa yamesimama, wakati koki ya ndoo huachwa wazi mpaka mtu amalize. Chini yake nilimwaga kokoto ili pasiwe na tope.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya katikati ya wiki, mwezi Mei, ndani ya Ramadhani. Mvua ya masika ilinyesha asubuhi, nasi tukaikinga kwa turubai lililofungwa kwa kulegea katikati, tukapata maji ya bure ya kuoshea masufuria. Binti wa kaka yangu, ambaye alikuwa nami kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, alikwenda ufukweni na sufuria lenye mafuta na kipande cha sabuni ya mche.

"Shangazi, mbona hii sabuni haitoi povu?"

Nilimweleza kwamba chumvi ya bahari huigandisha sabuni ya mche ikawa utando mweupe usiosafisha, nikampa sabuni ya unga, ambayo hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Tangu hapo utaratibu wetu ukawa kusugua vyombo kwa maji ya bahari na sabuni ya unga, kisha kuvisuuza kwa maji matamu, na kiasi tulichookoa kikaenda kwenye kibuyu chirizi.

Wageni wa siku ile walikuwa familia moja tu, watu wazima na watoto, wote na barakoa za kitenge. Watoto walikipenda kile kijiti mno, wakawa wanarudi kunawa pasipo haja, nami sikuwakataza. Niliwaweka kwenye banda la mwisho, upande wa upepo, na malipo yao yakaingia kwa simu.

Kwa kuwa nilikuwa nimeacha kukaanga kabla ya kuagizwa, changu na tasi waliobaki walikuwa wazima ndani ya deli la barafu. Nilikuwa nimekwisha kuwapigia simu majirani zangu wa Kunduchi, kila mmoja akataja anayemtaka kwa ajili ya futari, hivyo boti ilipotia nanga alasiri samaki walichukuliwa papo hapo pwani, na maghribi ikawakuta jikoni wakipikwa kwa nazi. Mauzo hayo ya futari ndiyo yaliyolipa boti na barafu kwa kipindi chote ambacho kisiwa kilikuwa kimya, na nayathamini kuliko hata faida ya miezi ya wageni wengi.

Shule zote zilipofunguliwa tarehe 29 Juni 2020, binti yetu alirudi darasani na watalii wa ndani wakaanza kurejea mwisho wa wiki. Nilitengeneza kibuyu chirizi cha pili kwenye njia ya chooni, na wenzangu wa mabanda ya jirani wakaja kupima urefu wa kamba ili watengeneze vyao.