Vipokea sauti vya Bluetooth kufifia kwenye Zoom: nilivyotatua

Hatimaye nasikia vizuri! Muziki ulikuwa safi masikioni, lakini nikiingia tu kwenye mkutano wa Zoom, sauti za watu zinakuwa nzito na za kukwaruza, kama simu ya zamani. Kuchaji, kufuta na kuunganisha upya, kuzima na kuwasha kompyuta: wapi.

Kiini ni maikrofoni ya vipokea sauti hivyo. Bluetooth ya kawaida ikibeba sauti kwenda na kurudi, hushusha ubora wa unachosikia. Nikafungua mipangilio ya sauti ndani ya Zoom yenyewe; kwenye maikrofoni nikachagua ile ya kompyuta, kwenye spika nikachagua vipokea sauti. Hapa angalieni sana: Windows 10 huvionyesha kwa majina mawili. Chagueni lenye "Stereo" (la kusikiliza tu), si "Hands-Free" (la kusikiliza na kuongea). Papo hapo sauti ikafunguka.